Sehemu ya Juu ya Fomu

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ile shikamoo ya mwaka jana hukuitikia, nadhani barua ilipotea posta. Sisi huku wazima. Mimi ndiyo usiseme: nimejaa misuli, na pale gereji wananiita Pancha kwa heshima zote, kwa sababu hakuna mtu mtaa huu anayeweza kuvua tairi, kuliziba na kulirudisha kabla chai haijapoa, isipokuwa mtoto wa kaka yako. Jirani yetu mshonaji amenunua cherehani ya umeme, sasa anatuona wote washamba. Paka amezaa watoto wanne ndani ya boksi la viatu vyangu vya kutokea. Viatu sina tena, nina ukoo wa paka.

Simu ulikataa, eti mambo ya nyumbani yasisikike chumba kizima cha kufulia huko kazini kwako. Haya, naandika, ingawa unajua mimi na shule tuliachana kidato cha pili, na hakuna aliyelia.

Sasa neno lenyewe. Kibanda cha baba cha kutengeneza saa kimefungwa tangu Desemba. Mteja alileta saa ndogo ya mkononi, ya marehemu mamake. Baba akaifungua, springi ikaruka, ikaanguka sakafuni. Akapiga magoti kuitafuta. Aliiona, shangazi. Ilikuwa pale mbele ya pua yake. Lakini kila akipeleka kibano, mkono unacheza, kibano kinagonga sakafu, ti ti ti, kama kuku anadonoa. Mteja akageuza uso. Mimi nikainama nikaiokota, baba akasema, "Sikukuomba."

Ni pombe, wewe unajua, na si ya jana. Nimeamua kumtafutia mahali pa kutibiwa. Kazi ndogo hiyo kwangu, nipe wiki mbili. Wewe unafua mashuka ya hospitali kubwa, unajua mambo ya wodi. Niambie nianzie wapi.

Ni mimi, fundi wa magurudumu yote,
Pancha

---

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marhaba. Mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Tumeletewa mashine mpya ya kukaushia, inapiga kelele kama inadai talaka. Msalimie mshonaji, mwambie umeme utakatika. Msalimie bosi wako wa gereji. Msalimie paka na watoto wake wote wanne.

Kuhusu huyo mtu. Huku wodi ya ugonjwa huo ipo, ila ni mbali na ni ya wenye uwezo. Anzia kituo cha afya cha mtaani kwenu. Uliza dirishani, bila aibu na bila mbwembwe. Mbwembwe hasa, unanisikia? Na usije ukamfungia ndani ati aache ghafla. Mtu aliyezoea kunywa hivyo, mwili unaweza kumgeuka akafa. Nimefua mashuka ya watu waliofanyiwa hivyo na ndugu zao waliowapenda.

Zaidi ya hapo mimi nisiulizwe.

Shangazi yako

---

Tarehe 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote uliowasalimia wamepokea. Mshonaji amenuna, umeme ulikatika kweli. Paka amepokea, na watoto wake ambao hata panya bado hawamjui wamepokea. Nimesoma barua yako mara tatu, mbele na nyuma, nikitafuta salamu za mtu mmoja anayelala chumba cha mbele. Labda wino ulikuishia.

Sasa cheka. Ushauri wako niliuona mdogo. Mtu kama mimi nianzie dirishani? Nikavaa shati la mshonaji (aliniazima, hajui), nikaenda kwenye ile nyumba yenye geti jeusi na maua, wanapotibu uraibu kwa kulala humo humo. Dada wa mapokezi akanipa karatasi ya bei. Nikamwambia asante, hii namba nitapiga kesho. Akasema hiyo si namba ya simu.

Nikatoka mgongo umenyooka, nikaenda kwa bwana mmoja anayetangaza kwa kipaza sauti kwamba anamaliza ulevi kwa siku tatu. Dawa yake iko kwenye chupa. Nikainusa. Shangazi, mimi nimekaa na baba miaka yote, hiyo harufu siwezi kuikosea. Anatibu kwa kitu kile kile, kimetiwa rangi.

Wiki mbili zikapita, sina la kujisifia hata kwa paka. Ndipo akaja mama mmoja na baiskeli, pancha mbili tairi moja. Ni mhudumu wa afya ya jamii, anazunguka nyumba kwa nyumba. Ninapoziba mimi huongea, sijiwezi, nikajikuta nimemwambia yote. Akasema kituo chetu cha afya, kule nyuma ya jengo, kila Alhamisi asubuhi kuna kikundi cha wanaopona. Kuna muuguzi, kuna daktari anayepita, na wanaoongoza ni watu waliopitia humo humo. "Na gharama?" nikauliza, nimeshika kiti nisianguke. Akasema unalipia kadi tu, mara moja. Nikauliza kadi ni kiasi gani. Akaangalia baiskeli yake, akasema, "Chini ya hizo pancha mbili."

Sikumdai kitu.

Ndiyo, uliniambia kituo cha afya. Usirudie.

Tatizo sasa ni baba. Anasema, "Mimi si mgonjwa, nenda wewe."

Pancha

---

Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wa paka wameanza kuzurura, mmoja kavamia mafuta ya gereji, sasa ni mweusi. Bosi hajambo. Mshonaji ameshajua habari za shati.

Hukunijibu lakini siwezi kusubiri. Ninachokuandikia hapa, nikikaa peke yangu nacheka, halafu kicheko kinakatika katikati.

Nilimdanganya baba. Nikamwambia kituoni wana saa ya ukutani imekufa, wanatafuta fundi. Akavaa koti, akachukua mkoba wa vifaa. Tukafika, saa iko ukutani inatembea, tena kwa dakika sahihi. Baba akaitazama. Akanitazama. Nikasema labda wameshapata fundi. Kabla hajageuka kuondoka nikawahi dirishani, nikapewa fomu. Ina sehemu ya juu, kubwa, yenye mistari mingi, na sehemu ya chini, ndogo, mistari miwili. Mimi ndiye niliyetafuta, mimi ndiye niliyeleta, mimi ndiye mkuu wa msafara. Nikajijaza juu. Jina langu, umri wangu. Palipoandikwa tatizo nikaweka, "Pombe, miaka sita." Chini nikamwandika baba. Nikaweka na sahihi yangu ile ya mikunjo.

Muuguzi akatoka. Mama mnene, mpole, faili kwapani, wote wanamwita Mama Faili. Akasoma jina la mgonjwa kwa sauti, akasema aingie. Lilikuwa langu.

Shangazi, juu ni ya mgonjwa. Chini ni ya msindikizaji.

Nikafungua mdomo nijitetee, nikamsikia baba anacheka. Baba! Tangu mama afariki sijausikia mlio huo. "Kumbe wewe ndiye unayeletwa!" Akaketi kwenye benchi la wasindikizaji, akakunja nne, mkoba mapajani. "Nenda mwanangu. Usiogope. Mimi nakungoja hapa." Angekuwa ameshatoroka, lakini alipogeuka yeye ndiye mzima na mimi mgonjwa, akatulia. Ningefanyaje? Nikaingia.

Chumba kilikuwa stoo ya vyandarua, maboksi mawili bado yako kwenye kona. Viti kumi na viwili vya plastiki vimezungushwa, kimoja mguu umefungwa waya. Dirisha moja, chini yake kwa nje ndilo benchi. Anayeongoza ni dereva wa lori mstaafu, mkubwa kama kabati, wanamwita Dereva. Nikajisemea, hapa nitawachekesha mpaka waombe poo.

Wakaanza kutaja siku. Dereva akasema, "Leo siku ya elfu tatu mia mbili na kumi na moja." Karibu miaka tisa, shangazi, anaihesabu moja moja. Wakatikisa kichwa taratibu, "Karibu." Kando yake mwalimu wa kike, miwani yake imevunjika mkono. Akaivua, akaishika mapajani. Akasema, "Leo siku ya kwanza. Tena."

Nikasubiri wamcheke. Nikasubiri hata mmoja agune. Wakatikisa kichwa vile vile, taratibu vile vile, kwa sauti ile ile, "Karibu." Siku elfu tatu au siku moja, heshima ni hiyo hiyo. Mimi ambaye sikosi la kusema hata msibani, nilikaa saa nzima sijatoa neno la maana. Hayo ni madogo kwa macho, lakini mimi sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho.

Alhamisi iliyofuata, alfajiri, mtu ananitikisa miguu. Baba, koti limeshavaliwa. "Amka, mgonjwa wangu. Tutachelewa."

Pancha

---

Tarehe 5 Mei

Mwanangu,

Marhaba. Barua yako niliifungua kazini, kosa langu. Nilicheka mpaka wenzangu wakazima mashine kuja kuangalia nimepatwa na nini. Kujaza fomu bila kuisoma! Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekurudisha shule kwa fimbo.

Wasalimie wote. Msalimie na huyo mwenye nyumba.

Lakini umeandika habari za viti, maboksi na miwani ya mwalimu. Saa nzima humo ndani, Alhamisi baada ya Alhamisi, wewe uliulizwa nini? Na ukajibu nini? Nakujua. Unapopiga kelele nyingi kuna kitu umekificha nyuma yake.

Shangazi yako

---

Tarehe 26 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mwenye nyumba nimempa salamu. Aliuliza, "Ameandika hivyo?" nikamwonyesha mstari. Akausoma akiwa amesimama, kisha akaenda kuusomea tena dirishani penye mwanga.

Umeniuliza. Nakujibu haraka, usinihurumie, sipendi.

Mara tatu za kwanza nilipoulizwa nilipiga porojo. Ya nne Dereva akasema, "Pancha, umeandika miaka sita. Nini kilitokea miaka sita iliyopita?" Nikataka kusema sikuelewa fomu. Kikatoka kingine. Nikasema aliyekuwa akitumwa dukani kununua chupa ya baba ni mimi. Kila jioni baada ya shule. Na siku mama alipozidiwa, baba alikuwa kibandani na mimi nilikuwa kwenye foleni ya duka, na foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu kuna mtu nilikuwa namtania. Niliporudi na chupa mkononi, mshonaji alikuwa ameshamfunika uso.

Hakuna aliyeniambia pole. Wakatikisa kichwa vile vile. "Karibu." Shangazi, nilikuwa naubeba mzigo huo kama jeki, na ghafla watu kumi na mmoja wakaweka mkono chini yake.

Mama Faili akaniambia baadaye kwamba alijua tangu siku ya kwanza. "Aliyenuka alikuwa msindikizaji." Nikamuuliza kwa nini hakurekebisha fomu. Akasema, "Mgonjwa wa kweli anakuja kila Alhamisi bila kukosa, tena kwa miguu yake. Nirekebishe nini? Na wewe nani kakwambia uko mzima?"

Sasa la wiki iliyopita. Kaa chini kwanza.

Huwa wasindikizaji nao wanaongea kule nje, kila mtu habari za mtu wake. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia sauti ya baba. Tulisikia sote, Dereva akainua kidole tunyamaze.

Baba anasema, "Wangu mimi anaificha ndani ya saa kubwa ya kusimama, nyuma ya pendulamu. Asubuhi kijiko hakishiki mpaka anywe kwanza. Ameharibu kazi za watu. Kuna saa ya marehemu wa watu, aliiangusha, akatambaa chini kama mtoto." Ananisema mimi, shangazi! Mimi ambaye hata soda ikiwa na povu jingi naiogopa. Kila kitu chake, ananivisha mimi, hasazi. Sikukasirika. Nilikuwa naogopa hata kupumua, asije akaacha.

Akaendelea, "Kwenye mazishi alisimama pale kaburini anayumba. Dada yake akamjia mbele ya watu wote, akamwambia, kuanzia leo mimi sina kaka."

Halafu mama mmoja pale benchini akauliza, kwa upole tu, "Kijana wako ana dada?"

Saa ya ukutani niliisikia inatembea. Sijui ilitembea dakika ngapi.

Baba akasema, "Hana. Mwenye dada ni mimi."

Mlango ukafunguliwa, Mama Faili akatoka, akaketi karibu naye na faili lake. Ndani, Dereva yule mkubwa kama kabati alikuwa ameziba macho kwa viganja.

Sikujua hayo ya kaburini, shangazi. Nilikuwa mdogo, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Pancha

---

Tarehe 7 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita kimya. Sikulaumu. Paka wawili wamepata kwao, yule mweusi amegoma kuondoka gereji, bosi anasema ni fundi kuliko mimi.

Daktari alimwona baba siku ile ile aliyosema benchini. Alisema kama ulivyosema wewe: haachi ghafla, haachi peke yake. Akampa dawa, na wiki mbili za kwanza alikwenda kituoni kila asubuhi kupimwa. Usiku wa tatu alitoka jasho mpaka godoro likalowa, mimi nikabadilisha mashuka na kukukumbuka. Alivuka. Kisha wiki ya tano akateleza, siku moja, akarudi mwenyewe na viatu mkononi. Alhamisi akakaa kwenye kile kiti chenye waya mguuni, akasema, "Leo siku ya kwanza. Tena." Nilidhani nimeshazoea kuyasikia maneno hayo. Kumbe kwa sauti ya baba yako mwenyewe huwezi kuyazoea. Leo ni siku ya kumi na moja.

Lakini nilitaka kukwambia ya fomu. Siku ile ile ya benchi Mama Faili alileta mpya. Baba akauliza, "Huyu kijana tumfute?" Mama Faili akasema kila mtu na faili lake, hapa hatufutani. Basi baba akashika kalamu. Sehemu ya juu. Mkono ulicheza sana, aliushikilia kwa mkono wa pili. Jina lake tu lilimchukua muda ambao mimi ningebadilisha matairi manne ya lori. Watu walikuwa wanasubiri nyuma yetu, foleni mpaka mlangoni, na hakuna aliyekohoa. Mimi na foleni unajua yetu. Hii ilikuwa ya namna nyingine.

Kisha sehemu ya chini, ya msindikizaji. Nikajiweka sawa, nikafuta mikono kwenye suruali, maana ni nani mwingine? Baba akaandika jina. Halikuwa langu. Lilikuwa lako.

Mama Faili akauliza, "Huyu anakaa karibu?"

"Siku moja na nusu kwa basi."

"Atakuja?"

"Sijui," baba akasema. "Lakini ndiye msindikizaji wangu."

Nafasi ya sahihi ni wazi mpaka leo. Mama Faili ameikubali hivyo hivyo, nakala moja akaniruhusu niichukue. Nimeikalia wiki zote hizi, naogopa kuituma. Mimi, naogopa! Iko ndani ya bahasha hii. Ukiona vibaya, ichome, sitakuuliza.

Pancha

---

Tarehe 24 Julai

Pancha,

Marhaba. Na marhaba ya ile shikamoo ya mwaka jana. Haikupotea posta. Niliipata, sikuweza kuijibu. Barua zako zote ninazo, nazilaza chini ya pasi zisijikunje.

Fomu imefika, ina alama ya dole gumba lenye mafuta ya gereji. Nimeisoma mara nne, juu na chini, maana katika ukoo huu lazima abaki mtu mmoja anayesoma fomu kabla ya kuijaza. Herufi zinatetemeka. Lakini ile ya kwanza ya jina langu ameipinda mkia, kama alivyokuwa akinichorea kwenye madaftari yangu ya kwanza. Hukujua? Kuandika nilifundishwa na yeye, kabla hata ya shule. Nililisahau hilo miaka sita, au nilijitia kulisahau. Kwa mtoto kama wewe siwezi kueleza zaidi, na tayari nimeeleza sana.

Nilikwenda kwa matroni kuomba likizo. Akauliza nauguza nani. Mdomo wangu ukasema, "Kaka yangu," na nikashtuka mimi kabla yake.

Sahihi nimeweka. Posta siiamini, naileta mwenyewe. Basi litafika Jumatano jioni, wiki ijayo. Nunua viatu, usije kunipokea na kandambili. Alhamisi asubuhi mnionyeshe hilo benchi lilipo, nikae.

Msalimie mshonaji, bosi wako na paka mweusi. Msalimie kaka yangu. Muulize leo ni siku yake ya ngapi, naye akiuliza yangu, mwambie ni ya kwanza.

Shangazi yako